Hasi Isiyotajwa

Mama Barafu hakuwa mtu wa kubishana naye kuhusu baridi. Mwanamke aliyemaliza nusu ya maisha yake ndani ya ghala la nyama na samaki, anaingia asubuhi jua linachoma, anatoka jioni kope zimeshika barafu, huyo utamfundisha nini? Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi zamani, naye akavifanyia mzaha: alisema hivyo ni vya kushikia sufuria, havisikii moto. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake mzazi na kwa mhasibu wa mishahara. Kwa wengine wote alikuwa Mama Barafu, na hakulichukia.

Ghala lilikuwa na vyumba vinne vikubwa, kila kimoja na mlango mnene, mapazia ya plastiki mazito, na juu ya mlango kisanduku cha namba nyekundu kinachoonyesha baridi ya ndani. Mbele ya kila namba palikuwa na kamstari kadogo, alama ya hasi. Kale kamstari hakuna aliyekataja. Nani ana muda wa kusema hasi, hasi, hasi kutwa nzima, midomo yenyewe imekauka hadi inapasuka? Kwa hiyo walisema tu: chumba cha kwanza kumi na nane, cha pili ishirini. Kumi na nane ilikuwa amani. Ukisikia kumi na nane jioni, unavua glavu unakwenda kwako. Ikifika ishirini na mbili walisema imepanda, fundi akapigwa mgongoni kwa furaha. Ikifika tisa walisema imeshuka, na hapo kila mtu mguu niponye kwenda kutazama mitambo. Ama namba ikionekana haina kamstari kabisa, huo ulikuwa msiba. Maana yake kompresa imekufa, nyama inatoa jasho, na kuna mtu kesho hana kazi.

Lugha hiyo, Mama Barafu ndiye aliyewafundisha wageni wote, akiwemo Koti. Koti alikuwa mtu mzima, mkimya, aliyefika ghalani baada ya kuachishwa ulinzi. Walimwita Koti kwa sababu alisahau kulivua lile koti zito hata akitoka nje kwenye jua, anatembea barabarani anachuruzika, watu wanamtazama. Siku yake ya kwanza alisimama mlangoni mwa chumba cha kwanza akasoma kwa sauti ya shule: "Hasi kumi na nane."

Mama Barafu alicheka hadi akashika ukuta. "Hasi ya nini, kaka yangu? Kwani humu ndani kuna chanya? Sema kumi na nane twende."

Koti hakuitaja hasi tena. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia jambo mara moja, amelishika kama kiapo, na mbingu zianguke.

Sasa, Mama Barafu alikuwa na mtoto mmoja, binti, Kadogo. Baba yake alioa kwingine zamani, tumwache huko huko. Kadogo alipoanza kukonda na kunywa maji mtungi kwa mtungi, hospitali walisema ni kisukari, kile cha watoto ambacho dawa yake ni sindano, asubuhi na jioni, maisha yote. Insulini. Dawa yenyewe ina kiburi cha ajabu: haitaki joto, na haitaki kuganda. Muuguzi alimwambia Mama Barafu kwa kumnyooshea kidole, ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikarudi kuonekana nzuri, imekufa.

Nyumbani kwao, chumba kimoja na baraza, friji hakuna. Lakini ofisini ghalani kulikuwa na kisanduku cha sampuli, kifriji ambacho ukigeuza kitufe chake kinaweza kuwa friji ya kawaida au friza, upendavyo. Zamani kilihifadhi vipande vya nyama vya kuonyesha wateja. Meneja akamruhusu akitumie. Mama Barafu akakiweka kwenye tano, tano ya kweli, isiyo na kamstari, na chupa za Kadogo zikakaa humo. Ile iliyofunguliwa ilikaa nyumbani, ndani ya chungu kidogo chenye maji kwenye kona isiyopata jua. Hakuna mwingine aliyekigusa kile kisanduku. Hakuna mwingine aliyekuwa na haja.

Kadogo mwenyewe alikuwa mtoto wa maneno. Wiki moja kabla ya mambo kuharibika, alirudi shuleni amevimba mashavu, akautupa mkoba kitandani.

"Mama, umenikosesha."

"Nimekukosesha nini tena?"

"Zile namba. Uliniambia hasi kumi na nane ni kubwa kuliko hasi tano. Mwalimu kanipigia mkasi mwekundu kwenye daftari."

"Huyo mwalimu wako amewahi kuingia chumba cha baridi?" Mama Barafu alikuwa anamenya viazi na hakuinua uso. "Mlete. Nimfungie kwenye hasi tano, halafu nimhamishie kwenye hasi kumi na nane. Akitoka atakuambia ipi kubwa."

"Na nukta ishirini na tano siyo kubwa kuliko nukta tano."

"Ishirini na tano siyo kubwa kuliko tano. Haya. Dunia imekwisha."

Kadogo akachukua chaki. Akapiga mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi kitandani, na kwenye mguu wa meza, katikati, akaandika sifuri. Alieleza kwa subira ya kumkera mtu mzima: ukielekea mlangoni unaongezeka, ukielekea kitandani unapungua, na hata uwe upande gani, sheria ni hiyo hiyo. Moja iko hapa. Nusu iko hapa kabla yake. Robo iko hapa, kabla ya nusu, hata kama inaandikwa na tarakimu mbili. Kisha akarudi nyuma ya sifuri, akahesabu kwa nyayo zake, akaishia kwenye mto wa kitandani.

"Hasi kumi na nane iko huku, chini ya mto wako. Ni ndogo kuliko zote hizi."

"Mbona iko mbali?"

"Mbali si kubwa, mama."

"Kwangu mimi mbali ndiyo kubwa," alisema Mama Barafu, akamtupia ganda la kiazi, wakacheka. Ule mstari haukufutwa. Walikuwa wakiukanyaga tu.

Halafu homa ikamshika Mama Barafu. Homa ya kutetemesha meno, ile ambayo mtu aliyezoea baridi ya ghala anajifunika mablanketi yote na bado anaomba jingine. Asingeweza kwenda kazini, na hofu yake haikuwa kazi. Hofu yake ilikuwa kisanduku. Umeme wa ofisini ulikuwa na tabia ya kukatika. Akampigia Koti simu, ulimi mzito.

"Kaka yangu, nichungie kile kifriji cha ofisini. Dawa ya mtoto imo humo. Isizidi nane, isipungue mbili. Iwe tano tu muda wote."

"Tano," alisema Koti.

"Tano. Nakutegemea wewe."

"Lala, dada. Ondoa shaka."

Ijumaa ile chupa ya nyumbani ikaisha. Koti ndiye aliyeleta mpya, mchana wa jua kali, ameizungushia taulo bichi ndani ya chupa ya chai, amevaa koti lake kama kawaida, jasho linamchirizika hadi kidevuni. Alisimama mlangoni akakataa kukaa.

"Ilikuwa tano muda wote," alisema. "Mimi mwenyewe niliihakikisha."

Hakumtazama usoni. Mama Barafu alidhani anaona haya kumkuta mwanamke kitandani. Akamshukuru, akamwombea dua ndefu kwa watoto wake, na yule mtu akaondoka upesi upesi kama aliyefukuzwa.

Ile chupa Mama Barafu aliitazama. Nisimtetee, aliitazama. Dawa ile huwa nyeupe kama maji ya mchele, lakini safari hii kulikuwa na chembechembe zimeng'ang'ania ukutani mwa kioo. Aliizungusha viganjani, chembe nyingine zikatoka, nyingine zikabaki. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Akajiambia macho ya homa hayo. Akavuta dozi, akamdunga mtoto.

Jumamosi asubuhi kipimo cha kidole kilisema tisa nukta nne. Si vibaya. Jioni kumi na tano nukta nane. Akamsuta Kadogo, umekula nini kwa jirani, sema kweli. Mtoto akala yamini hajala kitu, akanywa maji, akaenda haja, akarudi, akanywa maji. Jumapili alfajiri ishirini na mbili nukta sita. Mama Barafu akaongeza dozi. Baada ya muda akaongeza nyingine. Alikuwa anamimina na haoni kinakoingia. Kufikia saa nne Kadogo alikuwa anatapika, pumzi zake ndefu na nzito kama za mtu aliyekimbia, na kinywani ananuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Kipimo hakikutoa namba tena. Kilitoa neno tu, kwamba imezidi uwezo wake.

Homa ya Mama Barafu iliisha papo hapo. Sijui ilikwenda wapi. Alimbeba yule mtoto wa miaka kumi na mmoja mgongoni kama kichanga, akatoka nje bila viatu, na mwenye pikipiki wa kwanza aliyemwona hakuuliza hata nauli.

Hospitalini walipokelewa na daktari mwanamke, mwenye miwani, sauti ya chini. Mikono yake ilikwenda haraka kuliko maneno yake. Sindano, mirija, damu kidogo ikapelekwa kwenye mashine iliyokuwa kwenye kona ya wodi. Kadogo aliitwa jina akafungua jicho moja, akalifunga.

"Amekosa dawa?" aliuliza daktari.

"Hajakosa hata dozi moja."

"Mama, niambie kweli. Sikulaumu."

"Nakuapia. Asubuhi nimempa yake, halafu nikaongeza. Nikaongeza tena. Nilikuwa nahangaika, daktari."

Daktari aliacha alichokuwa anafanya. "Kiasi gani?"

Mama Barafu akamwambia. Daktari akavua miwani akaipangusa, akairudisha.

"Basi umenifunga mikono. Kama dawa yote hiyo imo mwilini mwake, siwezi kummiminia nyingine nyingi. Ikiamka yote pamoja sukari itaporomoka, na huko nako mtoto anakufa. Nitampa maji, na dawa kidogo kidogo, tuone anavyokwenda." Mashine ikalia. Akaisoma, akakunja uso. "Damu yake imejaa asidi. Kuna kipimo hapa, mtu mwenye afya huwa karibu na sifuri. Yeye yuko hasi ishirini na mbili."

"Afadhali," alisema Mama Barafu.

Lilimtoka lenyewe. Miaka yote ile, ukimwambia ishirini na mbili mabega yake yanashuka, moyo unatulia, fundi anapigwa mgongoni. Mwili ulisikia namba ukafurahi kabla ya akili kufika.

Daktari aligeuka kutoka kwenye mashine. "Afadhali?"

"Samahani. Nimechanganyikiwa."

"Inatakiwa ipande hadi hasi mbili angalau, mama. Ikizidi kushuka hatutakuwa na pa kushika."

Akabaki kwenye benchi kando ya kitanda, anatazama maji yakidondoka kwenye mrija. Wodi ilikuwa na vitanda sita, madirisha makubwa, harufu ya dawa ya sakafu. Mwanamke wa kitanda cha pili alimpa kandambili zake, akazivaa bila kujua. Akili yake ilikuwa imekwama kwenye neno moja. Ipande. Kwenye ghala ingekuwa ishuke. Alijaribu kuiweka kichwani sawasawa na kila akiigeuza ilimponyoka, hadi akaona mstari wa chaki. Meza. Sifuri. Mlango upande huu, kitanda upande ule. Mtoto wake amekwenda upande wa kitanda, nyuma ya sifuri, anarudi kinyumenyume, ameupita hata mto, ameupita ukuta.

Muuguzi alikuja akachukua damu tena. Mama Barafu alisimama naye mbele ya mashine.

"Hasi ishirini na tatu nukta nne," muuguzi alimsomea daktari.

Imepanda, yalisema masikio yake ya zamani. Akajilazimisha kuhesabu nyayo. Ishirini na mbili, halafu ishirini na tatu, halafu karibu nusu ya hatua nyingine, na zote kuelekea gizani. Imeshuka. Mwanawe alikuwa anashuka. Akakaa chini sakafuni, na daktari mwenyewe ndiye aliyemwinua.

"Sielewi," daktari alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia yeye. "Kwa dawa aliyonayo, sukari ingekuwa imeanza kusogea."

Jirani alikuwa amemwambia Koti. Alifika saa tisa mchana, bado na koti, akasimama miguuni pa kitanda, mikono ameifumbata mbele. Alimtazama Kadogo na mirija yake, kisha akaanza kulia bila sauti, mtu mzima yule, machozi yanaanguka kwenye zipu.

"Ni mimi," alisema. "Dada, nisamehe. Sikukuambia."

"Hukuniambia nini?"

"Iliyeyuka njiani."

Mama Barafu hakuelewa. "Nini iliyeyuka?"

"Dawa. Jua lilikuwa kali, na pikipiki iliharibika njiani, nikatembea. Nilipofungua taulo hapo mlangoni kwako nikaona imeshayeyuka yote, imekuwa maji. Nikaona aibu. Mtu wa ghala, kuyeyusha mzigo. Nikanyamaza."

"Koti." Mama Barafu akainuka. "Ilikuwa imeganda?"

"Ilikuwa jiwe. Nilipoingia ofisini siku ile uliyopiga simu nilikuta namba imesimama tano haina kamstari. Moyo ulinipasuka. Nikasema dawa ya mtoto inaoza hapa. Nikageuza kitufe hadi ikaja tano yenyewe, nikakaa pale hadi ikatulia. Si uliniambia tano?"

Alimwambia tano. Si chini ya mbili, si zaidi ya nane, tano muda wote. Na yule mtu akaishika kama kiapo.

Alitaka kumrarua. Lazima hilo lisemwe, kwa sababu alilitaka kwa mikono yote miwili, na alishapiga hatua. Alitaka kumshika ukosi wa lile koti la kijinga amtikise hadi meno yake yaanguke. Kisha akaisikia sauti mlangoni mwa chumba cha kwanza, sauti ya mwanamke anayecheka ameshika ukuta. Hasi ya nini, kaka yangu? Kwani humu ndani kuna chanya?

Mikono ikashuka. Akageuka akamkimbilia daktari.

"Daktari, ile dawa ilikuwa imekufa. Iligandishwa. Tangu Ijumaa jioni nimekuwa namdunga maji matupu. Hana hata tone mwilini."

Daktari alisimama. "Nani aliigandisha?"

Koti alifungua mdomo.

"Mimi," alisema Mama Barafu.

"Una uhakika? Nisikilize vizuri. Nikifungua dozi kamili sasa hivi na ukawa umekosea, tutamuua sisi wenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alimtazama Kadogo, kifua kinachopanda na kushuka kama kinasukumwa na mtu mwingine. Angeweza kusema labda. Angeweza kusema nadhani. Akaiona chupa viganjani mwake Ijumaa ile, na zile chembe zinazokataa kutoka kwenye kioo.

"Nina uhakika. Niliona chembechembe. Niliziona kwa macho yangu, daktari, nikajidanganya ni homa."

Daktari alikuwa ameshafika kitandani. Alimwambia muuguzi dozi nyingine, kubwa, na pampu ndogo kando ya kitanda ikaanza kusukuma.

Walikaa benchi moja, Mama Barafu na Koti. Ungedhani watu wawili wanasubiri gari. Moyoni Mama Barafu alikuwa anapiga goti kwa Mungu na kubishana naye kwa wakati mmoja. Alimwahidi vitu ambavyo hana. Alimwambia amchukue yeye, mkono wenyewe umeshakufa nusu. Alimkumbusha kwamba mtoto huyu hajawahi hata kuiona bahari. Nje watu walipita na mifuko ya matunda, wanacheka, na kila kicheko kilimuuma.

Damu ikapimwa. Muuguzi alisoma namba nyingine, ya asidi yenyewe, ambayo kadiri inavyopanda ndivyo asidi inavyopungua. "Ilikuwa saba nukta sifuri tano. Sasa saba nukta moja."

Koti aliinamisha kichwa. "Tano imekuwa moja," alinong'ona.

Mama Barafu naye alisikia hivyo hivyo. Halafu akarudi sakafuni kwao, kwenye chaki. Sifuri tano ni sehemu tano za mia. Moja ni sehemu kumi. Alihesabu kwa vidole vilivyo hai, akarudia, akaogopa kuamini.

"Imeongezeka," alisema. "Ni ndogo mno, lakini imeongezeka."

"Dada, kweli?"

"Usiniulize tena. Nitasahau."

Muuguzi akaendelea kusoma, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Na hii nyingine hasi kumi na nane nukta mbili."

Koti akainua uso. "Kumi na nane," alisema taratibu, kama wanavyosema jioni kabla ya kufunga milango. Amani yote ya ghala ilikuwa kwenye sauti yake. Kisha akamtazama Mama Barafu, hajui kama anaruhusiwa kufurahi.

"Sema yote, Koti."

Alirudi kwenye sauti yake ya shule. "Hasi kumi na nane."

"Na nukta."

"Nukta mbili."

"Ilikuwa hasi ishirini na tatu nukta nne. Imepanda au imeshuka?"

Yule mtu alifikiri hadi mshipa wa paji la uso ukamtoka. Alisogeza kidole chake gotini, hatua moja, nyingine. "Imepanda," alisema.

"Imepanda. Bado ni ndogo. Bado iko mbali huko, usije ukaenda nyumbani."

Hakwenda. Mama Barafu aliinuka akamwinamia mtoto. Aliushika ule mkono wenye ncha za vidole zilizojaa vitobo vya sindano. Alimwita jina lake la utani, kisha la shuleni, kisha la utani tena. Kimya. Pumzi zilikuwa zile zile, labda zimepungua kasi kidogo, labda ni yeye aliyetaka zipungue. Alimwambia mwalimu wako ana haki. Alimwambia nimekosa, mama yako mjinga, nimekosa. Kimya. Kisha akaweka mdomo kwenye sikio la mwanawe akasema lile lililokuwa likiwagombanisha.

"Kadogo. Hasi kumi na nane ni kubwa kuliko hasi tano."

Akasubiri. Pampu ilisukuma. Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kula.

"Unasikia? Nimesema ni kubwa. Nakwenda kumwambia mwalimu wako kesho asubuhi. Amka unikosoe."

Midomo ya Kadogo ilikuwa imepasuka kwa ukavu, imeshikana. Ikaachana kwa shida. Macho hayakufunguka.

"Ndogo," alisema Kadogo.